Mauzo ya sikukuu na ushindani wa mashine za gemu: Desemba huamua nini hasa?

Msomaji ameuliza hivi: "Kila mwisho wa mwaka nasoma kwamba PlayStation imeiacha Xbox mbali. Wiki moja baadaye nasoma kwamba Nintendo imewapita wote wawili, halafu Microsoft nayo inasema imekuwa na msimu mzuri. Haiwezekani wote wawe wa kwanza. Je, mauzo ya Novemba na Desemba ndiyo yanayoamua mashine ipi itashinda? Na mnunuzi wa kawaida azisome vipi takwimu hizi?"

Jibu langu, baada ya miaka mingi ya kufuatilia ripoti za kampuni hizi, ni kwamba msimu wa sikukuu unaweza kuiua mashine, lakini peke yake haujawahi kuipa mashine yoyote ushindi. Mashine iliyoshindwa kuuza Desemba huwa hatarini kweli. Iliyouza vizuri Desemba bado haijathibitisha lolote. Takwimu zinazofika kwenye vichwa vya habari mwezi huo ndizo zenye uwezo mdogo kabisa wa kukuambia nani ataongoza miaka mitano baadaye.

Tuanze na ukubwa wa msimu wenyewe, kwa sababu hofu ya kampuni hizi si ya bure. Mwaka wa fedha wa Sony, mtengenezaji wa PlayStation, huanza Aprili na kuisha Machi. Katika mwaka ulioishia Machi 2025, Sony ilipeleka sokoni PlayStation 5 milioni 18.5. Kati ya hizo, milioni 9.5 zilitoka ndani ya miezi mitatu, Oktoba hadi Desemba 2024. Robo moja ya mwaka ilibeba zaidi ya nusu ya mashine zote. Nintendo nayo, katika robo hiyohiyo ya mwaka 2020, ilitoa mashine zake za Switch milioni 11.57, wakati mwaka mzima wa fedha ulifikia milioni 28.83. Kiwanda, meli, maghala na matangazo, vyote hupangwa kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka Desemba.

Ndiyo maana tarehe za uzinduzi nchini Marekani zinarundikana mahali pamoja. Xbox ya kwanza ya Microsoft ilitoka 15 Novemba 2001 na GameCube ya Nintendo siku tatu baadaye. Xbox 360 ilitoka 22 Novemba 2005. PlayStation 3 na Wii zilitoka 17 na 19 Novemba 2006, Wii U 18 Novemba 2012, PlayStation 4 na Xbox One 15 na 22 Novemba 2013, kisha Xbox Series X na PlayStation 5 tarehe 10 na 12 Novemba 2020. Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani huangukia Alhamisi ya nne ya Novemba, na kesho yake ni Ijumaa Nyeusi, siku ya mapunguzo makubwa. Anayezindua wiki moja au mbili kabla ya hapo hupata majuma yote ya kuelekea Krismasi. Kule Japani msukumo ni tofauti kidogo: wafanyakazi wengi hupata bonasi mwezi Desemba, na watoto hupewa pesa na ndugu zao Mwaka Mpya unapoingia. Matokeo ni yaleyale.

Kuna jambo jingine la kibinadamu ambalo takwimu hazilionyeshi vizuri. Mashine ya dola 400 au 500 si kitu ambacho mtoto hujinunulia, na mzazi hanunui mbili. Nyumba nyingi huchagua moja, mara moja, na kukaa nayo miaka. Mtoto akishapata ile ambayo rafiki zake wanayo, marafiki nao wana sababu ya kubaki nayo. Kwa hiyo kila mashine inayofunguliwa siku ya Krismasi ni nyumba ambayo mshindani ameikosa, pengine kwa kizazi kizima cha mashine.

Hapo ndipo hesabu inapokuwa ngumu kwa mtu aliyezoea biashara ya kawaida. Muuzaji wa kawaida hufurahia kuuza zaidi kwa sababu kila bidhaa ina faida ndani yake. Mashine ya gemu mara nyingi haina. PlayStation 3 ilipotoka mwaka 2006, kampuni ya utafiti ya iSuppli iliifungua, ikapiga hesabu ya vipuri vyake, na kukadiria kwamba toleo lililouzwa dola 499 liliigharimu Sony takriban dola 806 kulitengeneza. Toleo la dola 599 lilikadiriwa kugharimu dola 840. Mwaka huo wa fedha kitengo cha gemu cha Sony kiliandika hasara ya yeni bilioni 232. Mwaka 2021, katika kesi ya Epic, kampuni ya gemu, dhidi ya Apple, ofisa wa Microsoft Lori Wright aliulizwa mahakamani kama kampuni yake imewahi kupata faida kwa kuuza mashine ya Xbox yenyewe. Alijibu kwamba haijawahi. Mwaka uliofuata mkuu wa Xbox, Phil Spencer, alieleza kwamba kila mashine inauzwa kwa dola 100 hadi 200 chini ya gharama.

Pesa hurudi kwa njia nyingine. Mwenye mashine huchukua mrabaha kwenye kila gemu, na katika duka la mtandaoni la mashine hiyo fungu lake huwa karibu asilimia 30. Kuna pia ada ya mwezi au mwaka ya kucheza na wenzako mtandaoni, na vidhibiti vya ziada, ambavyo vina faida nzuri. Nyumba inayonunua gemu nane au kumi hulipa hasara ya mwanzo na zaidi. Nyumba inayonunua mashine Desemba, ikacheza gemu moja, kisha ikaiweka kabatini, ni hasara tupu. Kwa hiyo idadi ya mashine zilizouzwa Desemba ni idadi ya mikopo ambayo kampuni imejitolea kwa wateja wake. Kama mikopo hiyo italipwa, utajua baadaye.

Nintendo kwa kawaida huenda njia yake. Wii haikutegemea chipu za gharama kubwa, iliuzwa dola 249, na Nintendo haikuhitaji kungoja mauzo ya gemu ndipo ifidie hasara ya mashine. Ndiyo sababu moja ya kampuni hiyo kuweza kuvumilia kizazi kibaya bila kutetereka kama washindani wake.

Sasa nije kwenye swali la wote kuwa wa kwanza. Wanaweza, na mara nyingi hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja amechagua kipimo chake.

Kipimo cha kwanza cha kuangalia ni kama mashine zinazotajwa zimepelekwa madukani au zimefika mikononi mwa wanunuzi. Haya ni mambo mawili tofauti kabisa. Takwimu za Nintendo na Sony katika ripoti za fedha huhesabu kile kilichotoka kwao kwenda kwa wauzaji. Mwezi Desemba tofauti inaweza kuwa kubwa, kwa sababu maduka yamejaza maghala kwa matumaini. Mashine iliyolala ghalani imeshaingia kwenye takwimu, lakini haijaingia sebuleni kwa mtu. Ukikuta tangazo linasema "zimeuzwa kwa wateja", hiyo ni kauli nzito zaidi, na kampuni hupenda kuitoa tu pale inapoipendeza.

Kingine ni eneo na muda. Kwa miaka mingi takwimu za Marekani zilitolewa na kampuni ya NPD, ambayo tangu mwaka 2023 inaitwa Circana. Huko unaweza kukuta mashine moja imeongoza kwa idadi na nyingine imeongoza kwa thamani ya dola katika mwezi uleule, kwa sababu ya pili ni ghali zaidi. Moja inaongoza Novemba, nyingine Desemba. Moja inaongoza Marekani, nyingine Japani, ambako Xbox haijawahi kuwa na nguvu. Maneno kama "iliyouzwa kwa kasi zaidi katika historia yetu" yanailinganisha kampuni na yenyewe tu. Na ukimya nao ni taarifa: tangu mwaka 2015 Microsoft iliacha kutangaza idadi ya Xbox ilizouza. Kampuni inayoongoza haifichi namba ya aina hiyo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu unalijibu swali lako kwa namba za kampuni moja, ni wa Nintendo. Wii ilizinduliwa Novemba 2006, na kufikia mwisho wa Desemba ilikuwa imeuza mashine milioni 3.19. Wii U ilizinduliwa Novemba 2012, na kufikia mwisho wa Desemba ilikuwa imeuza milioni 3.06. Krismasi ya kwanza ya mashine hizo mbili ilikuwa karibu sawa. Mtu aliyetazama Desemba peke yake angesema Nintendo imerudia maajabu yake.

Tazama kilichofuata. Kati ya Januari na Machi 2007, Wii iliuza nyingine zaidi ya milioni 2.6, na kikomo kilikuwa uwezo wa viwanda. Watu walikuwa wanapanga foleni. Kati ya Januari na Machi 2013, Wii U iliuza 390,000. Kati ya Aprili na Juni mwaka huo iliuza 160,000 duniani kote. Mwisho wa safari, Wii ilifikisha milioni 101.63 na Wii U milioni 13.56.

Tofauti haikuonekana Desemba kwa sababu Desemba kila mashine mpya ina wanunuzi. Kuna mashabiki watakaonunua chochote chenye jina hilo. Kuna wazazi wanaotafuta zawadi mpya, na kuna maduka yanayotaka rafu zilizojaa. Makundi hayo yakiisha, anabaki mtu wa kawaida ambaye hana haraka, na huyo ndiye anayeamua. Aliiona Wii kwa jirani, akamwona bibi wa umri wa miaka 70 anacheza tenisi kwa kupunga mkono, akaielewa ndani ya nusu dakika. Wii U aliiona dukani na hakuelewa kama ni mashine mpya au ni kifaa cha kuongezea kwenye Wii aliyonayo. Jina lenyewe lilimchanganya, na gemu za kumvuta hazikuwepo miezi ile ya mwanzo.

Mfano wa pili unahusu punguzo la bei. Xbox One ilianza mwaka 2013 kwa dola 499, ikiwa imefungwa pamoja na kamera ya Kinect, wakati PlayStation 4 iliuzwa dola 399. Pengo lile la dola 100 liliiumiza. Msimu wa sikukuu wa 2014 Microsoft ikashusha bei hadi dola 349, bila Kinect, na ikaweka gemu ndani ya vifurushi. Ilifaulu: Xbox One iliongoza nchini Marekani Novemba na Desemba mwaka huo. Ukisoma magazeti ya wakati ule, ungedhani upepo umegeuka. Haukugeuka. Bei ilivuta mbele wanunuzi ambao wangenunua hata hivyo miezi michache baadaye, na nje ya Marekani na Uingereza PlayStation 4 ilikuwa imeshaota mizizi. PlayStation 4 imefikisha zaidi ya milioni 117. Mwaka 2023, katika kesi ya ununuzi wa kampuni ya gemu ya Activision Blizzard, mawakili wa Microsoft wenyewe waliandika mbele ya mahakama kwamba kampuni yao imeshindwa katika vita vya mashine.

Sega, kampuni nyingine iliyowahi kutengeneza mashine za gemu, pia iliwahi kuonja ushindi wa aina hiyo. Mwaka 1991 Tom Kalinske, aliyekuwa mkuu wa Sega nchini Marekani, alishusha bei ya mashine yao, Genesis, hadi dola 149 na kuweka gemu ya Sonic ndani ya boksi, wakati Super Nintendo ilikuwa inaingia sokoni kwa dola 199. Sega ikaongoza soko la Marekani la mashine za biti 16, yaani kizazi cha Genesis na Super Nintendo, kwa muda, jambo ambalo miaka mitatu nyuma lisingefikirika. Lakini Nintendo haikuacha kutoa gemu. Novemba 1994, wakati wengi walikuwa wanazungumzia kizazi kijacho, ilitoa Donkey Kong Country kwa mashine ileile ya zamani, na gemu hiyo ikauza mamilioni. Super Nintendo ilimaliza na mashine milioni 49.1, Genesis ikiwa nyuma yake kwa mbali. Wahenga walisema kutangulia si kufika, na sijui biashara nyingine inayouthibitisha usemi huo mara nyingi kama hii.

Nimesema msimu unaweza kuua. Hilo nalo lina ushahidi, na ni ushahidi mzito.

Mwaka 1982 kampuni ya Atari ilikuwa ndiyo soko lenyewe la gemu za nyumbani. Mmiliki wake, Warner, alipata haki za kutengeneza gemu ya filamu ya E.T. mwishoni mwa Julai, na ili kaseti ziwahi Krismasi, kazi yote ilipaswa kukamilika mwanzoni mwa Septemba. Mtengenezaji wa gemu Howard Scott Warshaw alipewa takriban wiki tano kwa kazi ambayo kwa kawaida ilichukua miezi mingi. Kaseti zilichapishwa kwa mamilioni kabla mtu yeyote hajajua kama gemu inapendeza. Mapema Desemba, Warner ikatangaza kwamba mapato hayatafikia makadirio, na hisa zake zikaanguka kwa takriban theluthi moja. Maduka yalibaki na shehena kubwa, wakaanza kuzitupa kwa bei ya bure, na gemu nzuri za kampuni nyingine zikashindwa kuuzika kando ya zile za bei ya kutupa. Soko la Marekani la gemu za nyumbani likaporomoka kwa zaidi ya asilimia 90 kati ya 1983 na 1985. Kaseti zilizofukiwa jalalani Alamogordo, New Mexico, mwaka 1983 zilifukuliwa Aprili 2014, na E.T. ilikuwamo.

Madhara ya Krismasi ile yalidumu. Nintendo ilipotaka kuingia Marekani mwaka 1985, wauza rejareja hawakutaka hata kusikia neno gemu. Nintendo ikaanza na eneo la New York peke yake, ikauza mashine yake, NES, pamoja na roboti dogo liitwalo R.O.B. ili ionekane ni kichezeo cha watoto, na ikayaahidi maduka kwamba haitadai malipo kwa bidhaa zisizouzika. Yaani hasara yote ya Desemba ile ilikubali kuibeba yenyewe. Ndivyo NES ilivyoingia.

Halafu kuna Dreamcast ya Sega, ambayo kwangu ndiyo hadithi yenye uchungu zaidi katika historia nzima ya mashine hizi. Ilikuwa mashine nzuri. Ilitoka Marekani tarehe 9 Septemba 1999 kwa dola 199, ikiwa na modemu ndani, na gemu zake za mwanzo zilikuwa bora kuliko za uzinduzi wowote niujuao. Lakini Sega ilikuwa imeshaharibu uaminifu wake. Mei 1995 iliitoa Saturn, mashine iliyoitangulia Dreamcast, kwa ghafla, miezi minne kabla ya tarehe iliyotangazwa, kwa dola 399, na ikayapa maduka machache tu. Yale yaliyoachwa nje yalikasirika, na KB Toys, mtandao wa maduka ya vichezeo, ikaamua kutoiuza kabisa. Siku ileile Steve Race wa Sony alipanda jukwaani, akataja namba moja tu, 299, akashuka. Hiyo ilikuwa bei ya PlayStation.

Kwa hiyo mwaka 2000, PlayStation 2 ilipokaribia, Dreamcast ilikuwa inapigana na kitu ambacho hakijafika dukani. Ahadi tu ilitosha kuwafanya watu wasubiri. Sega ikashusha bei hadi dola 149. Kisha ikatokea bahati ambayo mshindani huiombea: Sony ilikwama kiwandani na kulazimika kupunguza shehena ya kwanza ya Marekani kutoka mashine milioni moja hadi 500,000. Tarehe 26 Oktoba 2000 PlayStation 2 iliisha madukani mara moja. Msimu mzima wa sikukuu rafu zake zilikuwa tupu huku Dreamcast ikiwepo, kwa nusu ya bei.

Na bado haikutosha. Watu walikuwa tayari kumpa mtoto kadi yenye picha ya PlayStation 2 na kumwambia itakuja Februari. Ilikuwa inacheza DVD, wakati kichezeo cha DVD peke yake kilikuwa bado ghali. Ilicheza gemu za PlayStation ya kwanza, ambazo nyumba nyingi zilikuwa nazo tayari. Electronic Arts, kampuni kubwa ya gemu, ilikuwa upande wake, na haikuwa imetengeneza hata gemu moja ya Dreamcast. Sega ilihitaji Desemba ile iwe kubwa ili iendelee kuishi. Tarehe 31 Januari 2001 ikatangaza kwamba itaacha kutengeneza mashine, na bei ikashuka hadi dola 99. Mashine iliyokuwepo dukani ilikufa, na ile iliyokosekana ikaja kuwa ya kwanza katika historia yote, kwa takriban milioni 160.

Hapo utaona kwa nini sizipi uzito habari za "imeisha madukani". Rafu tupu huonyesha kwamba mahitaji yamezidi shehena, na hazisemi shehena ilikuwa kubwa kiasi gani. Wako wanaoamini kwamba kampuni huzuia mashine makusudi ili kuwasha tamaa. Siamini hivyo kwa jumla. Kila mashine iliyokosekana Desemba ni nyumba ambayo haikununua gemu wala kidhibiti cha pili siku ileile, na huenda ikanunua mashine ya mshindani. Sababu za kweli ni uwezo wa viwanda na uhaba wa chipu. Wii ilikosekana msimu wa pili mfululizo, hadi Desemba 2007 Nintendo na maduka ya gemu ya GameStop wakawa wanawauzia watu hati ya kuchukua mashine baadaye. PlayStation 5 na Xbox Series X zilitoka katikati ya janga la Uviko, viwanda vya chipu vikiwa vimezidiwa, na walanguzi wakitumia programu za kompyuta kuzinunua kwa sekunde na kuziuza kwa bei maradufu. Hali hiyo ilidumu zaidi ya miaka miwili. Krismasi za 2020 na 2021 hazikupima umaarufu wa mashine hizo hata kidogo. Zilipima nani kapata chipu ngapi.

Miaka hii ya karibuni kanuni ya zamani kwamba mashine hushuka bei kadiri inavyozeeka imevunjika. PlayStation 5 ya diski ilianza kwa dola 499 mwaka 2020, na Agosti 2025 ikapandishwa Marekani hadi dola 549. Xbox Series X ilipandishwa hadi dola 599 Mei 2025, kisha 649 Oktoba mwaka huohuo, wiki chache kabla ya sikukuu. Kwa hiyo punguzo la Ijumaa Nyeusi siku hizi linaweza tu kukurudisha kwenye bei ya mwanzo. Nintendo nayo imeacha kuingojea Novemba: Switch ya kwanza ilitoka Machi 2017, Switch 2 ikatoka 5 Juni 2025 kwa dola 449, ikauza milioni 3.5 ndani ya siku nne, na kufikia mwisho wa Septemba ilikuwa imepita milioni 10. Nadhani huu ni uamuzi wa busara sana. Ukizindua katikati ya mwaka, mashabiki wako wananunua Juni, na Desemba inabaki kwa familia.

Microsoft kwa upande wake tangu 2024 imekuwa ikipeleka gemu zake kwenye mashine za washindani, na anayelipia Game Pass, huduma yake ya gemu kwa ada, anaweza kuchezea kwenye kompyuta. Kuilinganisha Xbox na PlayStation kwa idadi ya mashine za Desemba kunazidi kupoteza maana kila mwaka.

Kwako wewe mnunuzi, ushauri wangu hauhusiani na nani anaongoza. Angalia gemu zilizopo leo, zile unazotaka kucheza, na mashine ambayo watu utakaocheza nao wanayo. Usinunue kwa ahadi ya gemu itakayotoka. Ukiona kifurushi cha sikukuu, toa bei ya gemu iliyomo ndani kama gemu hiyo huitaki, kisha linganisha upya. Angalia kama toleo lenye bei ya chini lina sehemu ya diski, kwa sababu bila diski huwezi kununua gemu iliyotumika wala kumwazima rafiki, na utanunua kwa bei ya duka moja tu. Angalia pia nafasi ya kuhifadhi, maana gemu kubwa moja inaweza kula zaidi ya gigabaiti 100.

Na kama ni zawadi, ifungue usiku wa kuamkia sikukuu, iunganishe na intaneti, na upakue masasisho yote kabla hujaifunga tena. Siku ya Krismasi mamilioni ya mashine mpya huingia mtandaoni kwa pamoja. Tarehe 25 Desemba 2014 mitandao ya PlayStation na Xbox ilishambuliwa na kuzimika, na watoto wengi wakakaa mbele ya mashine mpya isiyoweza kuingia kwenye akaunti.

Ukitaka kujua nani kashinda kweli, acha vichwa vya habari vya Desemba vipite. Ripoti za robo ya Oktoba hadi Desemba hutoka mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Februari. Humo tafuta idadi ya gemu zilizouzwa na, kwa Sony, idadi ya watu wanaocheza kila mwezi, ambayo Desemba 2024 ilikuwa milioni 129. Kisha ngoja Mei, ripoti za Januari hadi Machi zitoke, na utazame mashine imeuza kiasi gani wakati hakuna anayemnunulia mtu zawadi.